Ukuta wa Fundi Krimu

Kaka yangu alipaka nyumba za watu maisha yake yote, na karibu zote alizipaka krimu. Si kwamba aliipenda. Wenye nyumba walikuwa wakimwita, wanabishana na wake zao kuhusu bluu na kijani mpaka chai inapoa, mwishowe wanachoka na kusema basi, tia krimu, hiyo haigombani na mtu. Mtaa ukambandika jina la Fundi Krimu. Akalivaa kama alivyovaa ovaroli yake, na hata mimi dada yake mara nyingine nilimwita hivyo nikitaka kumchokoza.

Kazini alikuwa mkali wa kuudhi. Dhambi kubwa kwake ilikuwa michirizi. Rangi ikitiririka ukutani hata kwa urefu wa ukucha, utaikwangua, utapiga msasa, utaanza upya, hata kama mwenye nyumba haoni. Tena alikuwa na tabia yake moja: akija kukagua kazi hatazami ukuta wa mbele. Anaingia, anauvuta mlango, anachungulia nyuma yake. Huko ndiko mafundi wavivu wanakoacha, kwa kuwa mlango ukiwa wazi hapaonekani. Wanawe wawili, aliowafundisha kazi mwenyewe baada ya mama yao kufariki, walikula makofi kwa sababu ya nyuma ya mlango. Nasema makofi, si maneno. Nyumba yangu na yake ziko ua mmoja, niliyasikia.

Halafu akaitwa kupaka stoo ya mama mmoja mchoraji wa picha. Stoo yenyewe krimu, bila shaka. Lakini ili ufike stoo ilibidi upite chumba ambacho yule mama alikuwa anafanyia kazi, ametandika turubai la kuchorea sakafuni, anamwaga rangi kwa kikombe, anaiburuta kwa fagio, anaikwangua kwa kipande cha bati. Kaka yangu alivumilia, uvumilivu ukamshinda, akamwuliza hapo anapaka au anamwaga. Yule mama hakukasirika. Alimwambia kuna kitu ndani yake hakitoki kwa mkono uliozoea kutii, kwa hiyo anaulazimisha mkono kufanya ambacho haujafundishwa. Akamshauri naye ajaribu siku moja, kwa mkono wa kushoto.

Alirudi amefura. Nilikuwa nachambua mchele, akaniketia pale jikoni na kumcheka yule mama mpaka machozi. Alisema wenye nafasi zao wana namna nyingi za kuharibu rangi. Kesho yake akanisimulia tena. Wiki iliyofuata tena, na safari hii hakucheka, na mimi nikaanza kumwangalia vizuri.

Chumba cha nyuma ya nyumba yake ndicho marehemu wifi yangu alichokuwa akishonea. Kilikuwa kimekaa tu na vumbi lake. Ghafla kikapata kufuli. Wanawe waliambiwa ni stoo ya makopo, na wao walimwamini, maana tangu lini baba yao akawa na siri? Mimi sina adabu hiyo. Jioni moja niliona mlango uko wazi kidogo, nikaingia na kikombe cha chai bila kubisha.

Nilisimama na kile kikombe mpaka kikaniunguza vidole. Ukuta mzima, kutoka nyuma ya mlango mpaka karibu na dirisha, ulikuwa umejaa. Alikuwa ametumia mabaki ya makopo ya kazi zake zote: kijani cha zahanati, bluu ya vyoo vya shule, nyekundu ya bucha. Krimu hapakuwa na tone. Rangi zilikuwa zimekwanguliwa mpaka za chini zikajitokeza, zimechanika, zimepishana, na juu kabisa palianza michirizi, mingi, mirefu, inashuka bila haya hata kidogo. Sikuelewa kitu, lakini niliogopa, na nilitaka kuendelea kutazama.

Alianza kunieleza harakaharaka, kama mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya kopo la sukari. Hapa nimesugua mshumaa kwanza, ndiyo maana rangi imekimbia. Hapa nimeburuta kitana cha mama watoto. Hii mistari ni uzi wake wa cherehani, nimeuchovya, nikauvuta, nikauachia uchape ukuta. Pale palipopasuka kama tope lililokauka alikuwa ametia rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka, jambo ambalo fundi wake yeyote angelifanya angefukuzwa siku hiyohiyo. Na michirizi? Ameiachia kwa makusudi, akaisukuma kwa pampu ya baiskeli.

Alianzia nyuma ya mlango, kwa sababu ya aibu. Pale palikuwa na alama za kiganja chake, cha kushoto tu, moja juu ya nyingine.

Nilimwuliza, "Sasa hii ni nini, kaka?"

"Sijui bado, mdogo wangu. Ila kila nikiingia humu nasogea. Nikifika pale kwenye kona ya dirisha, nadhani nitajua."

Akaniapisha nisiwaambie vijana. Amewapiga kwa ajili ya mchirizi mmoja, atawatazama vipi? Nilimwambia ni upuuzi, watoto wameshakuwa wanaume, watacheka na mambo yataisha. Alikataa. Kichwa kigumu tulirithi kwa baba, lakini yeye alichukua fungu langu pia. Miezi ile alinenepa, akawa anaimba akioga, na mtu aliyemzoea kama mimi aliona kwamba kazi za watu anazimaliza mapema ili awahi nyumbani. Furaha ile ilinifurahisha, na sioni aibu kusema kwamba ilinitia wivu.

Kiharusi kilimkuta juu ya ngazi, akipaka dari ya mtu. Wanawe walimdaka. Mkono wa kulia ukafa pale, na mdomo ukaenda upande. Nilifuatana naye mpaka hospitali kubwa, mbali na nyumbani, nikakaa huko kumwuguza, wao wakabaki kumalizia kazi zilizoachwa nusu. Siku nyingi hakuweza kusema neno linaloeleweka. La kwanza nililolisikia vizuri lilikuwa, "Kushoto upo."

Nikajua anasema nini. Kutwa nzima alikuwa akichora kwa kidole cha kushoto juu ya shuka, wauguzi wanadhani ni dalili mbaya. Alisema mkono wa kulia ndio uliokuwa unajua sana, acha upumzike. Kona ya dirisha ataimalizia kwa huu mjinga. Hakuzungumzia kutembea wala kurudi kazini. Ile kona ndiyo iliyokuwa inamkalisha kitandani, inamlisha uji, inamfanya anyanyue mguu akiambiwa anyanyue.

Wanawe wakanipigia simu kwamba daktari amewaambia kwa simu baba asipande ngazi, hata zile za kuingilia chumbani kwake, kwa hiyo wanamwandalia chumba, nisimwambie, wanataka kumshtukiza. Nilidhani ni sebule yao. Niliwaombea heri.

Tulipofika walimshika huku na huku, wakapita naye nyuma ya nyumba, na mimi nikatambua tunakoelekea. Kufuli lilikuwa limekatwa. Ndani palinuka rangi mpya. Kitanda kizuri, shuka safi, dirisha linang'aa, na ukuta wote, kona kwa kona, krimu.

Mkubwa alikuwa na furaha hata maneno yakamtoka hovyo. Ukuta ulikuwa umeharibika vibaya, baba, sijui ni unyevu, sijui kuna mtu alikuwa anafutia brashi humu. Rangi imekaa nene kama ganda la mti. Wamekwangua mpaka mikono ikatoka malengelenge, wamepiga skimu ya kusawazisha, wamepiga msasa, wametia rangi mkono wa kwanza na wa pili. Mdogo akaongeza, kwa utani, kwamba yeye alisita, alimwambia mwenzake labda baba alikuwa anajaribu kitu. Kaka yake akamjibu, baba na michirizi? Umeona wapi? Wakacheka wote wawili, na walikuwa wazuri katika kucheka kwao, wamefanana na mama yao, na mimi niliwachukia kwa kiasi ambacho sijawahi kumchukia mtu.

Nikafungua mdomo. Kaka yangu akanishika kiwiko kwa ule mkono wake mzima, akakibana mpaka nikanyamaza.

Alikwenda kwenye ukuta. Akaupitishia kiganja taratibu, kutoka dirishani kuja huku, anatafuta mkwaruzo, nundu, chochote. Ulikuwa laini. Sijawahi kuona ukuta umepakwa vizuri vile, na yeye mwenyewe hakuwahi kuupaka mzuri kuupita huo. Wanawe walisimama wakimtazama kama wanavyosubiri kila mara, na nikaona wanajua atakapomalizia.

Akaushika mlango, akauvuta, akachungulia nyuma.

Mgongo wake ulikuwa umetugeukia.

"Hata huku mmepaka," akasema.

"Wewe ndiye uliyetufundisha, baba," akajibu mkubwa.

"Ndiyo," akasema. "Kazi safi."

Tangu siku hiyo analala humo. Kitanda walikielekeza ukutani, ili awe anaiona zawadi yake. Mkono wa kushoto anautumia kushikia kijiko, na sijauona tena ukichora juu ya shuka. Nilimwambia mara moja kwamba makopo bado yapo kwangu, niliyaokota uani vijana walipoyatupa, na ukuta ni ukuta, unapakika tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa ule mdomo wake wa upande, kwamba siwezi kumwomba awaharibie watoto kazi yao.