Aliyejifungulia Benchini

Mkunga Martha, ambaye wenzake kwenye kituo cha afya wanamwita mama Andwele, alikuwa na kisa kimoja alichokisimulia miaka minne bila kuchoka. Alikisimulia kwa manesi wapya, kwa wageni wa harusi, hata kwa ndugu zake kule Tukuyu alikozaliwa. Kisa chenyewe ni hiki: binti mmoja wa Kifipa alikuja kituoni kutoka Pito, akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi ya salamu taratibu kama wafanyavyo watu wa huku Sumbawanga mbele ya mkubwa, akaamkia, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la barazani. Akatulia tuli. Mara mfanya usafi anapiga kelele, mtoto huyo! Kazaliwa palepale benchini, mzima wa afya, na mama yake hajatoa hata mguno.

"Sisi kwetu," Martha humalizia, "mtu akishikwa na uchungu mpaka mtaa wa pili wanajua. Lakini Wafipa, jamani! Hawa wameumbwa kwa chuma." Watu hucheka mpaka kushika mbavu.

Na wala hakukisimulia kwa dharau. Martha aliwapenda Wafipa kwelikweli. Alifika Sumbawanga miaka ishirini na mitatu iliyopita na begi moja na sweta lisilofua dafu mbele ya baridi ya Juni, akaazimwa blanketi na jirani ambaye hata jina lake alikuwa halijui. Hapa ndipo alipopata nyumba, shamba la maharage na heshima. Ungemwambia anabagua wenyeji, angekufukuza na kandambili mkononi.

Kwa hiyo ilipotangazwa semina ya siku mbili kuhusu upendeleo ambao mhudumu wa afya anakuwa nao bila mwenyewe kujua, alikwenda shingo upande. Mkufunzi alikuwa Jasmin, daktari kijana, binti wa wenye duka la vitambaa pale mjini. Kabla ya kuanza aliwaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, na Martha akampenda kwa hilo. Somo lenyewe halikumwingia. Aliona linawahusu wengine.

Siku ya pili Jasmin aliwaomba wasimulie habari za wagonjwa wanaowakumbuka. Martha akasimama, akakaza kitenge chake, akatoa kile kisa. Ukumbi mzima ukacheka. Jasmin naye akatabasamu, kisha akauliza kwa adabu, "Mama, huyo binti alikaa benchini muda gani?"

"Mh! Kidogo tu, mwanangu. Sikumbuki."

"Na alipofika, nani alimpima?"

Martha akaanza kuwahesabu kwa vidole waliokuwa zamu siku ile, akafika kwake mwenyewe. Akakaa.

Semina ilipokwisha hakwenda nyumbani. Alipitia kituoni, akaitoa kabatini rejista ya mwaka ule. Kalista, miaka ishirini na mmoja, Pito. Amefika saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mtoto kazaliwa saa sita kasoro robo. Katikati ya hapo, kwa mwandiko wake mwenyewe Martha, kulikuwa na wanawake wawili waliofika baada ya Kalista na kupimwa kabla yake: mke wa mwenye basi, na karani mmoja kutoka Matai. Aliwakumbuka wote wawili. Waliingia wakigonga meza na kusema nesi, nakufa.

Miaka yote hiyo Martha alijua kuwa binti aliyelelewa vizuri huku hatangulizi shida yake mbele ya mkubwa. Anaamkia, anatulia, anangoja kuulizwa. Alilijua hilo sokoni, misibani, kwa majirani zake. Akishavaa gauni jeupe la kazi tu, adabu ileile aliitafsiri kuwa uchungu bado. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu ajifunike uso na hakuna anayemtazama.

Jumatatu akamwomba Yohanes, mlinzi, alitoe benchi barazani na kuliweka mbele ya meza yake. Kuanzia siku hiyo, kila anayeingia, Martha anainuka kumfuata. Wenzake walimtania, "Mama Andwele, siku hizi wewe ndiye unayewapokea wageni?" Akawaambia ndiyo, na wao wainuke.

Mwezi wa tatu tangu hapo, asubuhi ya ukungu, aliingia mwanamke mwenye tumbo kubwa. Akachuchumaa, akapiga makofi, akaamkia. Martha alimtambua kabla hajafika kwenye benchi. Akaenda, akachuchumaa mbele yake, magoti yakilalamika, akapiga makofi na yeye.

"Kalista mwanangu, inauma?"

"Kidogo, mama."

Zamani hiyo kidogo ingemaliza mazungumzo. "Kidogo namna gani? Niambie yote, ndiyo maana nakuuliza."

Kalista akatazama sakafu. "Inauma sana, mama. Tangu alfajiri. Na mtoto naona kama amekaa vibaya."

Martha akampandisha kitandani, akampapasa tumbo. Mtoto alikuwa amelala mkingamo, kichwa ubavu mmoja na miguu ubavu wa pili. Huyu angeachwa benchini asubuhi nzima, wasingepona wote wawili. Akaita gari la wagonjwa, akapanda naye, akamshika mkono mpaka hospitalini, mlango wa chumba cha upasuaji. Saa nne na nusu akasikia kichanga kinalia, na yeye akalia.

Kesho yake alikwenda wodini na chupa ya uji wa ulezi. Alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini maneno yalitoka ovyo ovyo.

"Nisamehe, mwanangu. Miaka minne nawachekesha watu kwamba ulijifungua kimya."

Kalista akamtazama kwa mshangao, bila kinyongo chochote. "Sikuwa kimya, mama. Nilikuwa nangoja uniulize."

Martha akamimina uji kikombeni, akasogeza kiti karibu na kitanda na kupenyeza kidole kwenye ngumi ya yule mtoto.

"Na mama," Kalista akasema, akipokea kikombe kwa mikono miwili, "kabla hujauliza: kidonda kinauma."

Martha akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni, akainuka kwenda kumtafutia dawa.