Kofia ya Chuma Mteremkoni Buganguzi

Sijui kwa nini mhariri ananiuliza mimi kama waendesha baiskeli wavae kofia ngumu. Nimesoma darasa la pili, na baiskeli nimeipanda nikiwa mzigo tu. Lakini kesi moja niliisikia kwa masikio yangu Buganguzi, miaka ile vita vya mpakani vimekwisha na ugonjwa wa kukonda umeanza kutumaliza.

Kijana mmoja alikuwa akipeleka ndizi Muleba kwa baiskeli. Kichwani alivaa kofia ya chuma iliyoachwa na askari, ameifunga kidevuni kwa kamba ya mgomba. Baba yake mkubwa akamshtaki kwa wazee wa ukoo kwamba anawapita wakubwa mteremkoni bila kuvua kofia wala kuwaamkia. Alitaka kofia itupwe.

"Vita vimekwisha, wewe," alimwambia akicheka mbele ya wazee. "Unamwogopa nani?"

Kijana akapiga magoti. "Waitu, mkubwa wangu, vita vimekwisha, mteremko bado upo. Baba na mama mmeshawazika. Wadogo zangu wanakula kwa baiskeli hii. Kichwa hiki kikipasuka, utawachukua wewe?"

Baba mkubwa akajikuna shingo, akatazama mlangoni.

Wazee wakaamua kijana apige kengele, ainamishe kichwa, apite na kofia yake. Kofia tulizozivua makaburini tukizika zilikuwa zimetosha.

Kwetu anayeshtaki bure hulipa. Baba mkubwa alitoa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wazee, na mkungu wa ndizi kwa wale wadogo wa kijana, akaubeba mwenyewe kichwani.