Mbuzi Sita ya Diplome

Wiki iliyopita Josiane, binti ya Papa Bauma wa Nyabiondo, aliniandikia: "Kaka, niko naenda kuanza fac, ku université. Nichukue sociologie ao niache? Inaletaka feza?" Si yeye peke. Munaniulizaka ivyo kila siku kama vile miye njo nauzishaka ma diplome. Sawa. Musikilize ya Laetitia. Ile hesabu ilifanyika mbele ya macho yangu, nikiikala ku banc ya upande wa bibi harusi, kopo ya kasiksi, pombe ya ndizi, mu mukono.

Papa yake, Symphorien, alikuwa na shamba moja tu ya maana, pale juu ku kilima, fasi maharagi inakubaliaka bila kubembelezwa. Laetitia alipomaliza sekondari, Symphorien alienda kwa jirani yake, Papa Bauma, ule ule baba ya Josiane, akamwambia: lima shamba yangu, unipe feza ya fac ya mutoto. Wakapatana mbele ya watu: siku Symphorien ataleta mbuzi kumi na ine, shamba inarudi. Tangu siku ile, kila asubuya mzee anafungua mulango na anaona maharagi ya mwingine ku kilima yake.

Laetitia alisoma. Alirudi na diplome ya licence ya sociologie, na distinction, na dossier mu plastike. Aliweka dossier ku kila ONG, yale mashirika ya misaada. Wanamuuliza expérience. Expérience ya wapi, na njo anatoka ku shule? Mwisho alishuka Mubi kuuzisha bunga ya muhogo. Kule Akilimali akamuona: kijana wa Kibua, iko na moto tatu, pikipiki zenye kutumika, na shule aliachiaka mu primaire. Walipendana kweli. Kwa ile sina la kusema.

Siku ya dot, ya kutoa mahari, watu wa Kibua walifika na mbuzi zao kwa miguu. Symphorien, badala ya kungoja, alikuwa amesha tia diplome mu kadre, fremu ya kioo, na kuisimamisha ku meza, katikati ya chupa. Christian, mujomba wa Akilimali mwenye kuwasemea, aliiangalia sana.

"Ba beau, wakwe zetu, poleni. Ni nani alikufa hapa?"

Watu wakacheka. Musemaji wetu akakohoa. "Hakuna maiti. Ni licence ya binti yetu. Ya binti ni mbuzi munane. Ya iyi ni sita."

Munane na sita. Kila mutu ku banc yetu alijua ile kumi na ine inaenda wapi.

"Sita!" Christian akafuta kioo na kidole. "Ingekuwa ya munganga, ningelipa leo leo, juu Kibua tunagonjwaka. Iyi inaponyesha nani?"

Baba ya bibi hasemake siku ya dot. Symphorien akashindwa kujizuia. "Inafundisha namna watu wanaishi pamoja!"

"Ile ata bibi yangu anajua, papa, na hajui kuandika jina yake. Na miaka yote hii mutoto alitafuta kazi, alipata? Moto yenye haiwake, tunapunguzaka bei. Shukuru hatupunguze ya binti."

Bamama ku mulango wa jiko wakapiga makelele, mmoja akamuita Christian muchoyo wa Kibua. Akilimali alikuwa anaangalia viatu vyake. Bwana harusi naye hasemake. Desturi ilimusaidia sana ile siku.

Walibaki ku munane. Halafu wakaita Laetitia, kama inavyofanyikaka, kumuuliza kama wazazi wakule ile mali ya dot. Aliangalia Akilimali, akaangalia kadre, akaangalia papa yake.

"Mukule," akasema.

Hapo Symphorien akasimama, akachukua kadre ku meza, akaiweka chini ya kwapa.

"Binti mumelipa, mumuchukue. Iyi hamukulipa. Inabaki."

Mali isipoisha kulipwa, kuna kitu inabakiaka kwa wazazi, kila mutu anajua. Mara ingine ni mutoto wa kwanza. Christian akacheka tu: "Ibaki. Ikulimie."

Mbuzi munane zikaenda kwa Papa Bauma. Akazikamata, akasema shamba itarudi na zenye zinabaki.

Nyuma ya miezi kidogo, ONG moja ikafika Mubi, inatafuta watu wa enquête, wa kuzunguka na kuuliza watu maswali, wenye licence ya sociologie. Kazi ya kweli, ya kwanza. Lakini walitaka diplome yenyewe, juu ma photocopie ya uongo iliwachosha. Laetitia akapanda moto mpaka Nyabiondo, akafika na matope mpaka ku magoti.

"Papa, nipe diplome. Jina yangu njo iko juu."

"Jina ni yako. Shamba ilikuwa yangu. Mbuzi sita."

Laetitia akapigia Akilimali, simu wazi, sisi majirani wote tunasikia.

"Chérie, ile kazi ni ya wiki ngapi?"

"Tatu."

"Inalipa kama bei ya mbuzi ine. Nitoe sita nipate ine? Ku fac hawakufundishaka hesabu?"

Laetitia akakata simu. Mama yake, Joséphine-Marie, akapiga magoti mbele ya bwana yake. Miaka yote sikuona mama ule anapiga magoti inje ya kanisa. Symphorien akageuka.

"Nikiitoa bure, na miye nitakuwa nimekubali haina bei."

Laetitia alirudia Mubi na mukono mutupu. Ile kazi ilichukuliwa na kijana mwenye alisomaka agronomie, mambo ya kilimo. Yeye Laetitia iko anauzisha bunga mpaka leo. Kwao Nyabiondo anapitaka tu ku matanga.

Sasa Josiane, feza ya fac yako inatoka wapi? Inatoka ku maharagi ya ile kilima. Basi usiniulize miye. Vuka njia, piga hodi kwa Symphorien, kadre iko ku ukuta unapoingia. Mu Nyabiondo muzima, ni yeye peke mwenye angali anasema sociologie iko na bei.