Uzi wa Pamba Juu ya Nzilo

Mashua ya mbio haina breki. Nilimweleza hivyo mama muuza samaki aliyeketi karibu nami, maana alikuwa ameuliza mara tatu kwa nini zile mashua saba zinazunguka kama kuku waliokosa mlango.

"Upepo ukiishika, inakwenda, mama. Ndiyo maana zinazunguka mpaka saa ifike."

Tulikuwa watu kama ishirini ndani ya chombo cha injini ambacho siku nyingine hubeba makala, yaani mkaa wa kupikia, kwenye ziwa la Nzilo. Siku hiyo kilibeba watazamaji, na vumbi la makala lilikuwa limekwisha kutuchafua nguo za misa.

Katika mashua yenye ubavu wa kijani alikuwamo mdogo wangu, peke yake. Ni fundi umeme. Klabu ya mashua ya pale ziwani ilikuwa nayo imelala miaka mingi, tanga limechanika, na walimwambia: itengeneze, uingie nayo mashindanoni, na ukimaliza vizuri itakuwa mikononi mwako mwaka mzima. Alihangaika nayo miezi. Tanga aliniletea mimi, fundi wa cherehani.

Tanga si shuka. Ni vipande virefu vya kitambaa vilivyounganishwa, na upepo wote hulemea mishono. Kwa hiyo hushonwa kwa uzi wa nailoni, kama ule wanaofungia magunia ya madini kule Kasulo. Uzi huo uliniishia Jumamosi jioni, nikiwa na mshono mmoja uliobaki, na kwenye cherehani palikuwa na uzi mweupe wa pamba wa sare za kwaya. Nikamalizia na huo. Nilijiambia nitaufumua Jumatatu. Jumapili baada ya misa alikuja kulichukua, akalitandaza uani, akalipiga picha, akawaita jirani waje waone kazi ya dada yake. Nikanyamaza. Nilinyamaza wiki mbili.

"Na ile drapo?" mama akauliza.

"Hiyo bendera inasema zimebaki dakika tano. Kati ya mashua ya waamuzi na lile boya jekundu kuna mstari. Hauonekani, lakini ukiuvuka kabla ya honi, unarudishwa nyuma."

"Mustari haionekane, na batu banaiogopa? Njo kama mupaka ya lupango ya shemeji yangu!"

Watu walicheka, maana kila mmoja ana ndugu anayegombania mpaka wa kiwanja. Mimi nilikuwa natazama upande wa ukuta wa bwawa, ambako maji yalikuwa yameanza kuwa meusi. Maji yakiwa meusi hivyo, ujue upepo uko njiani. Ulipofika, mashua ya kijani ililala ubavu, mdogo wangu akajitupa nje upande wa pili ili uzito wake uisawazishe, na nikauona mshono wangu, wa tatu kutoka juu, umevimba. Huo ulikuwa upepo wa pembeni tu. Katikati ya ziwa ungekuwa mara mbili, na yeye kuogelea anajua kidogo sana.

"Tata," nikamwambia mwenye chombo, "tusogee kwa yule wa kijani."

"Mama, banatukataza kukaribia."

"Ni mdogo wangu."

Akanitazama mikono iliyong'ang'ania ukingo wa chombo, kisha akageuza usukani.

Nilisimama na kupaza sauti. Mdogo wangu akatabasamu na kunipungia, akidhani namshangilia. Wanawake nyuma yangu nao walidhani hivyo, wakapiga vigelegele, na maneno yangu yakazama humo. Ilibidi nigeuke niwapigie kelele wanyamaze. Bendera ya dakika ya mwisho ilikuwa inashuka.

"Mushono ya tatu! Nilishona na uzi ya pamba!"

Tabasamu lilimtoka. Aliinua macho kwenye tanga, akalegeza kamba. Tanga likaanza kupepea, mashua ikapunguza mwendo. Honi ikalia. Mashua sita zikavuka mstari kwa pamoja, na kwetu watu wakaguna: "Eeh! Anabakia!"

Alishusha tanga magotini. Akaushika mshono kwa mikono miwili, akauvuta kama mtu anayejaribu kitambaa sokoni. Ukafunguka. Nimefumua mishono mingi, sauti ile naijua.

"Yaya," akaniita, ndivyo aniitavyo dada yake, "ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ulikuja kuitwaa."

Alitazama zile sita, sasa ndogo, zimelala ndani ya upepo mweusi. "Kule katikati," akasema, si kwangu hasa, "ingenitupa."

Mwenye chombo alimrushia kamba, tukamvuta kuelekea ng'ambo, kwenye ufuko wa klabu. Urefu wa kamba ile ulikuwa hatua kumi hivi. Tuliangaliana njia yote. Mama muuza samaki alikuwa ameacha mzaha. Alinishika mkono, akaniambia taratibu, "Umesema. Ni bien, ni muzuri."

Ng'ambo ilipokuwa karibu, mdogo wangu akasema, "Klabu bataniuliza. Nitabaambia nini?"

"Ni miye nitabaambia."

"Njo weye utabaambia," akasema, bila hasira na bila kucheka.

Kule klabuni wanazungumza Kifaransa. Nikaanza kupanga maneno, la kwanza, la pili, la tatu, na kila nilipofika kwenye uzi yalivurugika. Wanaume wawili wa klabu walikuwa wameshatoka kwenye kivuli na kuja kutungoja majini, suruali zimekunjwa magotini.