Mvi za Fundi Timazi

Kila Jumapili jioni Timazi huketi juu ya ndoo iliyofunikwa, taulo mabegani, na mkewe humpaka piko nyeusi kwenye nywele kwa mswaki uliochakaa. Si urembo. Kesho yake asubuhi kuna geti la mjengo, na nyapara anayechagua vibarua kwa macho. Mzee mmoja alianguka kutoka jukwaani kwenye mjengo mwingine, na tangu siku hiyo tajiri mwenye mjengo huu hataki kuona kichwa cheupe juu ya mbao. Kunyoa kipara Timazi alijaribu. Mvi zilirudi upesi, kama chumvi kwenye ukuta wenye unyevu.

"Tulia, bwana harusi," mkewe humwambia. "Au unataka na sikio liwe kijana?"

Jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa ukuta wake hauna haja ya kupimwa kwa uzi wa timazi. Amepiga lipu nyumba zisizo na idadi, na mwenyewe amepanga chumba kimoja, mganga hajigangi. Maisha yote amefanya kazi ya kutwa: jua likizama, ujira mkononi, kwaheri. Hakuna tajiri aliyemwekea chochote cha uzeeni. Akiba yake, alizoea kujigamba, ilikuwa ikivaa sare na kwenda shule.

Akiba hiyo ilirudi nyumbani. Mwanawe wa kwanza, naye ni baba wa watu, aliachishwa kazi ghalani, na sasa alitaka kwenda getini pia.

"Twende," Timazi alimwambia. "Lakini tukishafika pale, mimi si baba yako. Niite fundi."

"Sawa, baba."

"Umeshaanza."

Jumatatu nyapara aliwachukua wote wawili. "Wewe kaka, panda ukapige lipu ukuta wa mbele," alimwambia Timazi. Mwana akawa saidia fundi wake.

Jana yake, Jumapili, maji yalikuwa yamekatika, na mkewe alimsuuza kwa kopo moja tu. Jua la mchana lilipowaka, jasho likamalizia kazi. Mstari mweusi ulimtoka panjani, ukapita shavuni, ukadondokea lipu mbichi. Yeye hakuhisi kitu. Mwanawe, aliyekuwa chini na karai kichwani, alitazama juu, jua likampiga machoni, akaona kitu kinachuruzika usoni mwa mzee.

"Baba! Baba, shuka, unatoka damu!"

Mjengo mzima uligeuka. Nyapara akaja, akatazama juu, kisha akamtazama mwana, hasa ndevu zake.

"Huyu ni baba yako wa kukuzaa?"

Mwana alilishusha karai, akaliinamia.

"Haya. Kama mtoto ana mvi, baba ana nini?"

Vibarua waliangua kicheko. Wawili watatu walivuta kofia zao chini kidogo.

"Nyapara, angalia ukuta," Timazi alisema. "Usiniangalie mimi."

"Ukuta nimeuona. Hauna kasoro." Nyapara alivua kofia yake ngumu. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Shikamoo, mzee wangu."

Timazi aliushika mwiko. Alijua kwamba akiitikia, ameshashuka. Lakini mtu hanyimwi marahaba.

"Marahaba," alisema, akaanza kuitafuta ngazi kwa mguu.

Mwana alibakishwa, kwa ujira wa saidia fundi, ujira ambao sasa ungelisha nyumba mbili. Nyapara alimwonya kuhusu zile ndevu: tajiri akipita, asizione.

Jumapili iliyofuata mkewe alikoroga piko kama kawaida. Timazi, kwa mazoea, alijitupia taulo mabegani, akaketi juu ya ndoo.

"Inuka, baba watoto," mkewe alimwambia polepole. "Hii ni ya mwanao."

Akainuka. Mwana akaketi, akainua kidevu. Timazi alimwekea taulo, akachukua ndoo nyingine, akaenda kupanga foleni bombani. Mlangoni aligeuka.

"Safari hii," alimwambia mkewe, "msuuze vizuri."