Mwaridi Mwitu wa Shangazi Futi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mtaa mzima unamwita Futi, kwa sababu tangu anapoamka mpaka anapolala, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni mwake. Anashona sare za shule barazani, na ameshona nyingi kiasi kwamba watoto wakimwona barabarani wanachomekea mashati haraka haraka. Mimi mwenyewe nilivaa sare zake miaka yote ya shule, na hakuna mshono wake hata mmoja ulionifumukia. Nasema hivyo kwa majivuno.

Kuna neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Shangazi hasemi "changu". Kwake kila kitu ni chetu: cherehani yetu, mkasi wetu, chumba chetu, ingawa chumba chenyewe, kile cha uani karibu na bafu, analala peke yake. Sote tunasema "nyumbani kwetu", hilo halina neno, lakini yeye alipitiliza. Siku moja alituambia asubuhi kwamba jino letu linauma. Tulicheka mpaka mama akatua sufuria chini, na yeye akacheka nasi huku ameshika shavu.

Wazazi wao walipofariki, shangazi alikuwa na miaka kumi na minne. Aliacha shule akakaa kwenye cherehani, ili baba akae darasani. Baba akasoma, akawa karani wa ghala, akaoa, akajenga nyumba hii niliyokulia. Si mtu mbaya, baba yangu. Ila akiwatembeza wageni anasema nyumba yangu, ua wangu, bomba langu, na habari ya nani alimlipia karo haijawahi kufika kwenye mazungumzo. Mimi jambo hilo lilikuwa linanichoma, na sikulificha.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye duka la kupiga chapa na kushika mshahara wa kwanza, niliapa kumnunulia shangazi kitu cha kwake. Nilikwenda kwenye kitalu cha miche nikachagua mwaridi wenye maua mekundu mazito. Muuza miche alinieleza kwamba ulikuwa umebebeshwa: mizizi na kipande cha chini ni vya mwaridi mwitu, mti mgumu usiobabaishwa na jua wala udongo mbovu, na juu yake amepandikizwa huyu mrembo. Pale walipoungana pana fundo. Akanionyesha fundo lenyewe kwa kidole, akasema: "Cha ziada kikizidi penye fundo, usikionee huruma. Kata."

Alimaanisha vichipukizi vya mwitu vinavyoota chini ya fundo. Nami kama kasuku nikayafikisha maneno hayo kwa shangazi vilevile yalivyo, nikarudi kazini, ambako nilikuwa nimepanga chumba.

Jamani, fundi cherehani ukimwambia habari za fundo, anajua moja tu. Mshono unaanzia huku, unaishia kwenye fundo, na uzi uliobaki baada ya hapo ni wa kukatwa. Shangazi aliinama, akaona mizizi, akaona kipande kifupi chenye vichipukizi viwili vya kijani, akaona fundo. Juu ya fundo, akaona ziada. Akachukua kisu cha jikoni, maana mkasi wa nguo haukati kitu kingine nyumbani kwetu hata nyumba ikiungua, na akaliondoa waridi langu jekundu lote kwa mkato mmoja safi.

Nilipofika Jumamosi na kuona kijiti cha shibiri moja kimesimama uani, niliwaka. Nilisema maneno mengi, mengine ya kitoto. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama kilichobaki kina uhai. Nikamwambia kina uhai lakini ni mwitu, ni miiba mitupu, kazi yake ilikuwa kumbeba mwenzake.  Akasema kama ni hivyo, basi sasa kimetua mzigo.

Akaanza kukitunza. Alikimwagia maji aliyosuuzia nguo. Kila mwanzo wa mwezi alikipima kwa futi na kuandika urefu wake kwa chaki ukutani, kama anavyoandika vipimo vya mteja. Mwaka wa kwanza kilimfika magotini. Mwaka wa pili kikampita kichwa, kikaegemea uzio wa mabati, naye akafunga matawi yake kwa vipande vya sare, bluu na kaki, kwa mafundo ambayo upepo haukuyaweza. Bomba lilipokauka miezi miwili, maua yote ya mama kwenye makopo yalikufa. Mwitu haukudondosha hata jani. Mbuzi wa jirani aliujaribu mara moja, akaondoka akitikisa midomo, hakurudi tena.

Mwaka wa tatu ukachanua. Nakiri niliinama nikanusa. Yalikuwa maua madogo, petali tano tu kila moja, rangi ya waridi iliyofifia, lakini mamia kwa mamia, na harufu yake ilifika mpaka barazani kwenye vitambaa. Wateja walianza kuuliza sare zao zimepuliziwa nini. Kuna mtu ambaye hatukumjua alijaribu kuruka uzio pale, akaacha nusu ya shati kwenye miiba. Baba alitaka kuita polisi. Shangazi alikigeuza kipande kile mikononi, akasema shati lenyewe lilishonwa ovyo.

Basi baba akastaafu, na akaamua kujenga vyumba vitatu vya kupangisha uani, pembeni ya uzio. Fundi mwashi akaja na vigingi na kamba, akachora msingi, na kamba ikapita katikati ya mwaridi. Baba alimweleza shangazi jioni ile, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kitu kilichokwisha kuamuliwa. Shangazi akasema ni sawa tu, kiwanja ni chetu sote.

Mama ndiye aliyenipigia simu. Nilifika mapema siku ya kazi yenyewe, nimepanga hotuba nzima. Nilimkuta shangazi barazani anashona, mgongo umegeukia uani. Nikamwambia naenda kumkabili baba. Akanikataza. Alisema si vizuri mtoto kushindana na mzazi kwa ajili ya miti. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia baba. Nilitaka kumtikisa mabega na kumwuliza atasubiri mpaka lini, umri umekwenda, na sasa hata hiki kimoja anakiachia.  Badala yake nilikaa kwenye kibao nikasikiliza cherehani.

Huko uani mwashi alinyanyua panga, akakata tawi la kwanza, akaguta kwa kuchomwa. Akakata la pili.

Cherehani ikanyamaza. Niligeuka nikaona kola ya shati imeachwa nusu chini ya sindano. Maishani mwangu sijamwona shangazi akiacha mshono katikati, hata siku ya msiba. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Fundi, weka panga chini," alisema.

Mwashi akamtazama baba. Baba akafuta jasho, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Dada, si tulishaongea?"

"Tuliongea, na mimi nikasema sawa. Sasa nasema si sawa." Akaishika futi ncha zote mbili. "Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu. Na hapa siombi. Huu mwaridi ni wangu."

 Mama alitoka jikoni akasimama na taulo mkononi. Nilimwangalia baba na nilikuwa tayari kwa ugomvi, hotuba yangu iko mdomoni, na nikaona kwamba haitahitajika. Baba alikuwa anamtazama dada yake usoni, na macho yake yalikuwa yamelowa. Sijui alikumbuka nini. Nilichokiona ni mzee mwenye mvi akiinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Ni wako, dada," alisema.

Shangazi hakushukuru. Alivua futi shingoni, akapiga magoti, akapima kutoka shinani kuja upande wa msingi, akapima tena kama afanyavyo siku zote, akachoma kidole ardhini. "Mizizi inafika hapa. Mwisho wa ukuta wenu ni hapa." Mwashi alilalamika kwamba ukuta utakunjika na chumba cha tatu kitakosa pembe moja. Baba akamwambia asogeze kamba.

Vyumba vimekwisha sasa, na vyote vina wapangaji. Chumba cha tatu kweli hakina pembe. Mwaridi umejikusanya kwenye ule mkunjo na umepita paa. Kijana aliyepanga humo, mwalimu, alikuja kulalamika wiki ya kwanza, nami nilikuwepo. Kitanda chake hakikai vizuri, alisema, na angependa kujua ni mjinga gani alijenga nyumba namna hii, kona nzima imetupwa bure.

Baba alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Hapo hapakutupwa," alimjibu. "Hapo ni pa dada yangu, aliyenisomesha. Wewe geuza kitanda."