Shangazi aliniomba nimsaidie kufa, nikamnyima hata nafuu

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wengine salaam.

Nimeona humu mnajadili sheria ya kuruhusu madaktari kuwasaidia kufa wagonjwa wasiopona. Nina la kwangu, sitaongeza chumvi. Limenikaa miaka arubaini.

Mwanzo wa miaka ya themanini nilikuwa nesi Nizwa. Shangazi yangu Zuwena, aliyenilea Unguja tukaja naye Oman, alikuwa mji wa Ibra, ana kansa ya mifupa. Daktari akatwambia matibabu hakuna tena, akampa vidonge vya maumivu. Nikachukua likizo nikaenda kumuuguza.

Asubuhi moja namkanda miguu, akaniambia taratibu:

"Mwanangu, ukinipa vyote kwa pamoja, si nitapumzika?"

"Haramu, shangazi. Usinitie dhambini."

Hapo sijuti. Imani yangu ni ile ile mpaka leo.

Aibu yangu ni ya baadaye.

Nilimwambia baba, mdogo wake. Akaja na jamaa watatu, wakamkemea mbele ya watu kama mtoto aliyeiba. Mwanamke aliyesomesha Qur-ani watoto wa mtaa mzima. Alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa nawatilia wageni kahawa.

Kisha nikaanza kumpa nusu kidonge. Daktari aliandika viwili vizima. Nilikhofu asije akavikusanya.

Na mimi ni nesi wakuu, nilijua ninachokifanya. Nikimwona anauma ncha ya mto, najitia nina kazi jikoni.

Hakuomba tena kufa. Hakuomba hata dawa. Siku ya kumi na moja ya hiyo nusu kidonge akanishika mkono:

"Nisamehe, nilikutia khofu. Nilikuwa naumwa tu."

Adhuhuri akafariki. Watu wakaniombea dua kwa kumuuguza vizuri, nami nikaitikia amin.

Sheria yenyewe nawaachia wanaoijua. Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa akikwambia anataka kufa, usikimbilie kumshtaki. Kaa kitako, muulize panauma wapi. Mimi sikuuliza.

Kumkatalia kifo, dini yangu ilinituma. Kumnyima nafuu hakunituma mtu.

Mliowahi kuuguza, nyie mlifanyaje? Na anayetaka kunilaumu anilaumu, nitasoma yote.